Mzimu Aliyepiga Hodi

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nimetaniwa kwamba nilijikaribisha mwenyewe kwenye ndoa yangu. Aliyeanzisha utani huo ni mume wangu, Eliya, na alikuwa hachoki nao. Kwenye ubatizo wa binti yetu Neema, kwenye harusi za watu, hata mbele ya mchungaji aliyepita kunywa chai, ilimradi kuna masikio ya kusikiliza, utamsikia: "Huyu mimi sikumwita, jamani. Huyu aliitikia hodi ya mzimu." Watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, na mimi nacheka nao, maana mke anayenunia utani wa mumewe mbele ya wageni anaonekana hakufundwa. Lakini leo niseme ukweli, sina tena wa kumficha: utani ule ulinichoma. Mtu anataka kuitwa. Anataka, hata mara moja tu, kuwe na mtu amesimama nje ya mlango wake, anajua ni mlango wa nani, na anasema hodi kwa makusudi. Nilimuuliza mara nyingi, kwa mzaha na kwa hasira, "Baba Neema, siku ile ulikuwa unaniita mimi?" Jibu lake halikubadilika: "Muulize mzimu." Tumemzika kwao Mlali, upepo ukiturushia vumbi machoni kiasi kwamba hakuna aliyejua nani analia na nani anapikicha macho, na nikarudi hapa nyumbani Chamwino nikijua jibu langu amekwenda nalo.

Sasa msiba umeisha. Mikeka imekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, ndugu wamepanda mabasi yao. Neema amebaki nami, lakini mchana anakwenda kazini, na nyumba ikinyamaza inanirudishia mwaka mmoja tu, mwaka wa chumba cha Makole. Nao umenijia kwa nguvu kwa sababu ya Salumu. Salumu ni rafiki wa marehemu tangu ujana, ndiye aliyekuwa na banda la video kule Makole, na alikuja kunipa pole akiwa wa mwisho kabisa, amebeba mfuko wa zabibu. Maneno aliyoyasema hapo kwenye kochi yamenivuruga kichwa. Ila hayana maana mpaka nieleze kwanza chumba chenyewe kilivyokuwa.

Nilikuwa mpiga chapa, kijana, nimepangiwa kazi Dodoma nisikomjua hata paka. Nilipata chumba mtaa wa Makole, uani kwa Bi Zuhura, mama yake Salumu, mwanamke wa mjini hasa, ambaye babu zake waliingia Dodoma na biashara na hawakutoka tena. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mchina, ndoo, na kiti kimoja, kwa kuwa sikuona sababu ya kununua cha pili. Bunge likiwa linakaa mji ulijaa. Suti kila mahali, nyumba za wageni hazina nafasi, ofisini tunachapa mpaka vidole vinawaka. Likiahirishwa, magari yanaondoka na watu wake, na wenzangu wengi wa ofisini nao wanafuata familia zao Dar. Tunabaki sisi, upepo na mifuko ya plastiki inayotembea barabarani. Nilikuwa napika wali wa kikombe kimoja, nakula na maharage ya jana, na sauti kubwa kuliko zote mle chumbani ilikuwa ya kijiko changu kinapogonga bakuli la bati. Uani hodi hazikukosekana. Huyu kaja kuomba chumvi, yule kaleta habari ya mgonjwa, mwingine anataka kusukwa. Zote zilipita mbele ya mlango wangu zikienda kwa Bi Zuhura. Mimi nilikuwa nawatambua watu kwa ndala zao tu.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu haukufika kwenye bati. Juu palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Upande wa pili ndipo lilipokuwa banda la Salumu, mabati na magunia, mabenchi, na televisheni moja. Nilizoea makelele yake. Kisha alasiri moja nimetoka kazini, nimeketi na bakuli langu mapajani, nikasikia sauti ya kiume, taratibu, ya heshima, karibu kabisa na sikio: "Hodi." Jamani, nilivyoruka! Nikaweka bakuli chini, nikajifunga khanga vizuri, nikasema, "Karibu!" Nikafungua mlango. Nje kulikuwa na kuku wa Bi Zuhura anaoga vumbi, basi. Nikarudi. Sijakaa sawasawa, "Hodi." Nikajibu, "Karibu, pita tu!" Nikafungua tena. Kuku akaniangalia. Mara ya tatu uvumilivu ukaniishia, nikapaza sauti: "Si nimesema karibu! Ingia ndani au nenda zako, mtu gani wewe!" Hapo nyuma ya ukuta banda zima likaangua kicheko. Vicheko vya watu wazima, watoto, benchi likadondoka, na mtu akajibu kwa sauti ya puani, "Kariiibu, pita tuuu!"

Nilizunguka huko nikiwa nimevimba. Salumu alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Nataka kumjua anayebisha hodi kwenye chumba cha mtu kwa kejeli." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. Mwanamke wa Kizungu, gauni jeupe la kulalia, mshumaa mkononi, amesimama mbele ya mlango wa kasri. "Huyo hapo dada. Mkamate umpeleke kwa balozi wa nyumba kumi." Wakacheka upya. Kando ya televisheni alisimama kijana mwembamba ana kipaza sauti, amevaa sweta kwenye joto lile, anatazama viatu vyake. Huyo ndiye aliyekuwa anawatafsiria filamu ile ya Kitaliano. Nikamgeukia: "Na wewe, Kitaliano umekijulia wapi?" Akasema kwa kunong'ona, "Kiasi tu, dada. Samahani." Wakanisogezea nafasi kwenye benchi, na kwa kuwa chumbani kulikuwa kunanisubiri bakuli la maharage, nikaketi.

Kitaliano chake, nilikuja kugundua, kilikuwa Kitaliano cha bomba na koleo. Eliya alikuwa msaidizi wa Mtaliano mmoja aliyechimba visima huko Kongwa, akaokota maneno ya kazi: maji, polepole, shika hapa, vuta. Mtaliano aliporudi kwao alimwachia boksi la mikanda, yote ya filamu za kutisha za zamani, nyingine hata si za Kitaliano. Mabanda mengine yalikuwa na filamu mpya za ngumi. Salumu akawa na boksi la Eliya, na Eliya akawa mtafsiri kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alichokijua alikitafsiri na asichokijua alikitunga. Kabaila anamshika mkono bibie, anamnong'oneza, unaona kabisa ni mapenzi, na Eliya anatangaza: "Bibie, kisima kimekauka. Tuchimbe wapi tena?" Banda linaguna kwa masikitiko. Ukame tulikuwa tunaujua. Ndugu wawili wakitoleana mapanga ukumbini, wanagombea ng'ombe wa mahari ya dada yao. Daktari mwenye nywele zilizosimama alikuwa mganga kutoka mbali, asiyetaka kulipwa, na hilo ndilo lililotutisha kuliko damu.

Maana damu ilikuwa rangi, kila mtu aliiona. Popo walikuwa na uzi. Maiti alipumua, na ukimtazama sana alikuwa anapepesa. Kasri lilikuwa lilelile kila filamu, ngazi zilezile, hata kiti chenye mguu mbovu tulikifahamu, kikitokea watu wanapiga makofi: "Kiti chetu hicho!" Nimewahi kuulizwa na Neema tulikuwa tunapenda nini kwenye takataka kama zile. Mimi naweza kujisemea mwenyewe. Waliozitengeneza hawakuwa na hela, na ukosefu wa hela ndio uliowafanya wawe wakweli. Hawakuweza kukuonyesha jeshi wala mji unaoungua. Walikuwa na mtu mmoja, mshumaa mmoja na ukumbi mrefu. Kwa kuwa hawana kingine, wanakuonyesha mlango, nawe unautazama, unautazama, hakuna kinachotokea, na moyo unakwenda mbio. Filamu za ngumi zilikuwa za watu wenye marafiki. Hizi zilikuwa zangu. Mimi kazi ya kutazama mlango nilikuwa naiweza.

Na mzimu yule, tuliyemwita Mama Mshumaa, nilimpenda. Wenzangu walimwogopa. Niliona ni mtu aliyetembea nyumba nzima, chumba hadi chumba, anatafuta wa kumkaribisha. Alikuwa na adabu kuliko walio hai: hakuingia pasipo hodi. Ni utaratibu wetu, unabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukikosa kuitikiwa unaondoka zako bila kinyongo. Mama Mshumaa alibisha mara tatu, akakosa, akaondoka na mshumaa wake. Watu wakapumua. Mimi nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Basi nikawa mtu wa banda. Wakanipa jina, Dada Karibu, na hilo jina lilinitembeza Makole yote. Ghafla watu walinisalimu. Eliya akiwa hana kipaza sauti mkononi alikuwa bubu kamili. Nje ya banda atakwambia "Mbukwa" kwa Kigogo chao, ukiitikia anaangalia viatu. Siku moja umeme ulikatika filamu ikiwa katikati, Bi Zuhura akatuita sote uani, akatutengea ugali wa uwele na mlenda kwenye sinia moja. Mlenda mimi nilikuwa sijauzoea, ukanivutika kutoka kidevuni hadi kwenye sinia. Salumu alicheka mpaka akapaliwa. Eliya hakucheka. Alinionyesha kwa mkono, bila kusema, jinsi ya kukata tonge na kulizungusha kidogo ili mlenda ukatike, kisha akaendelea kula. Bi Zuhura aliona. Alipokuwa anakusanya vyombo aliniambia pembeni, "Mwanangu, yule hasemi mpaka mwanga uzimwe. Wewe nawe usingoje hotuba."

Lakini mimi nilikuwa nangoja. Bunge liliahirishwa tena, mji ukabaki mtupu, na mkuu wangu akanieleza kwamba kuna nafasi Dar, nikiitaka niseme kabla ya mwezi kwisha. Nilimweleza Eliya kwenye benchi, tumeshika mihogo ya kuchoma, nikajifanya ni habari ndogo. "Nafikiri nitahama." Akatafuna. Akameza. Akasema, "Dar kuna bahari." Bahari! Nilikwenda chumbani nikaanza kutoa nguo kwenye msumari. Ningekaa kwa lipi? Mji wenyewe unapeperuka, na mtu pekee niliyetamani aniambie baki anazungumza na popo wa uzi.

Jumamosi yake walionyesha Mama Mshumaa. Sikwenda. Nilikuwa nakunja nguo kitandani, mchana mweupe, mlango wangu nimeuacha wazi kwa ajili ya joto. Nilimsikia Eliya kupitia ukuta akiwasimulia habari za kisima na ng'ombe, nikajua ukumbi umefika, nikajua ngazi. Kisha, "Hodi." Nikasimama na gauni mkononi. "Hodi." Nikaketi kwenye kiti changu kimoja. Niliwaza, ya tatu ikikosa wa kuitikia, anaondoka. Kila mtu anajua hivyo. Ya tatu ilichelewa. Ilipokuja haikuwa ya filamu, ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka: "Hodi." Nikasema, "Karibu." Sikupaza sauti, lakini kwa ukuta ule hukuhitaji kupaza. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikasikia tu Salumu, "We Eliya, endelea bwana! Mzimu kaganda?"

Filamu ilipoisha alikuja. Alisimama nje, kivuli chake kikaingia kabla yake. "Nimesikia umesema karibu." Nikamuuliza, "Kwani ulikuwa unaniita mimi?" Akatazama viatu, halafu, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akatabasamu. "Si mimi. Ni mzimu." Akaingia, akakosa kiti, akapindua ndoo akaikalia. Nikacheka. Kesho yake nikaenda kumwambia mkuu wangu kwamba sihami. Nilibaki Dodoma kwa hodi ambayo sikujua ni ya nani. Hivyo ndivyo utani ulivyozaliwa, na ndivyo nilivyoishi nao: kwamba mwanamume mmoja alikuwa kazini kwake anatafsiri sinema, na mwanamke mpweke upande wa pili wa ukuta akadhani ameitwa. Alikuwa mume mwema. Alinichotea maji na kuniuguza, na hakunipigia kelele hata siku moja. Lakini ukiamini kwamba uliingia kwenye moyo wa mtu kwa kukosea mlango, kuna usiku unalala ukingoni mwa kitanda.

Sasa Salumu. Alikula zabibu zake mwenyewe alizoniletea, akauliza habari za pensheni, akalia kidogo, akajifuta. "Shemeji, unaukumbuka ule mkanda wa Mama Mshumaa?"

"Nitausahauje, na nimeolewa kwa ajili yake?"

"Yule mama alikuwa bubu, shemeji."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Kabla hujahamia kwetu tulishauonyesha mara nyingi sana. Hana neno pale mlangoni. Anasimama, ananyanyua mkono, basi, na Eliya naye ananyamaza, watu wanaogopa. Ulipokuja wewe, siku ile uliyotufokea, namwona anasogeza spika, anaiegemeza kwenye ukuta wako. Namuuliza, vipi? Ananiambia, Salumu, yule dada anakula peke yake. Kila siku nasikia kijiko. Hakuna hata mtu mmoja anayempigia hodi. Nikamwambia, kampigie basi. Akasema, mimi siwezi. Acha mzimu ampigie." Salumu akanitazama, akaona uso wangu. "Wallahi nilijua unajua! Mlivyokuwa mkitaniana miaka yote, nikadhani ndio mchezo wenu."

Kwanza nilikasirika. Nilikasirika hasa, ningeweza kumfufua Eliya nimzabe kofi kisha nimrudishe. Miaka yote ile, swali nililomuuliza kwa midomo yangu, na yeye anakaa na jibu anatazama viatu! Halafu hasira ikageuka shaka, maana mimi nimechapa maneno ya watu maisha yangu yote na najua wanavyosema wakiwa msibani. Mtu mwema akiona mjane analia atamtungia chochote. Salumu ni mtu mwema.

Nikamwomba Neema anitafutie filamu ile kwenye simu. Jina hatukulijua kamwe, mkanda haukuwa na karatasi. Nikamweleza kasri, ngazi, kiti chenye mguu mbovu, mama mwenye mshumaa. Aliniletea kadhaa zisizo zenyewe, kila moja na kasri lake, mpaka jana, Jumapili, tumetoka kanisani, akanionyesha moja na nikakiona kiti. "Kiti chetu hicho," nikasema, na hapakuwa na wa kupiga makofi. Wameisafisha, rangi zimekuwa kali, na chini yake kuna maandishi ya Kiingereza. Kabaila alipomnong'oneza bibie Neema alinisomea: anamwambia hawezi kuishi bila yeye. Nilicheka peke yangu, kwa sababu najua kilichokuwa kimekauka ni kisima.

Kisha ukumbi. Mama Mshumaa akaja, chumba hadi chumba, akafika mlangoni, akasimama. Nikaisogeza simu karibu na macho. Akanyanyua mkono. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Hakuna neno, hakuna maandishi chini, upepo tu.

"Hapa hasemi kitu, mama," Neema akasema.

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Midomo imefungwa. Mkono unanyanyuka, unashuka. Lile neno halikuwamo tangu mwanzo. Mtu alilitoa kwake akaliweka, akaliegemeza kwenye ukuta wangu.

"Rudisha tena, mwanangu."

Mara ya tatu mkono ulipoinuka, nikasema, "Karibu."

Neema akageuza shingo kuelekea mlangoni, akadhani tuna mgeni. Akaweka simu juu ya meza, akajifunga khanga vizuri, akaenda kufungua mlango. Sikumzuia.